Sifuri za Saba B

Jamani, mna habari? Mzee wa Makosa, mwalimu wetu wa hesabu, anahamishwa! Jina kalipata kwa kuandika majibu ya uongo ubaoni makusudi, kisha anajidai kasinzia mpaka mtoto amkosoe. Ndivyo alivyoliamsha Saba B, darasa lililokuwa likikimbia hesabu kama sindano, mpaka likaongoza shule nzima. Sasa wakubwa wanamtaka akafufue shule nyingine iliyo mahututi.

Basi watoto wakala njama waonekane wabovu tena, asiondoke. Mtihani wa leo wamekosa wote, kila swali. Mimi, mwalimu mgeni niliyeletwa kushika nafasi yake, nimesahihisha sifuri mpaka mkono ukachoka.

"Ujinga umeturudia, madamu," kiranja akaniambia, anachekelea. "Hawezi kutuacha hivi, au siyo?"

Nikampelekea Mzee zile karatasi. Akazipitia, akacheka mpaka machozi.

"Wamekosa kwa ustadi hawa! Huwezi kulikwepa jibu hivi kama hulijui."

Kisha akaendelea kufungasha chaki zake. Kiranja alikuwa dirishani, anatutazama.