Kazi Aliyoachiwa Mkamwana

Siku mpima ardhi alipomwambia mkewe kwamba ndoa yao imefika mwisho, mke alikuwa akihesabu vitanzi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wa sweta la shule umemlalia magotini. Mume alisema maneno yake akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, kama mtu anayeaga kwenda kazini. Alisema kuna mwanamke mwingine, na kwamba mwanamke huyo ni mjamzito. Alisema pia, kwa upole uliokata maini kuliko matusi, kwamba asingependa wagombane.

Mke hakugombana. Alimaliza mstari, akageuza sindano, akaanza mwingine. Kesho yake alipoitazama kazi ile aliona amekosea kuanzia pale mume alipofungua mdomo, akaifumua yote.

Kwenye kliniki ya meno alikofanya kazi ya mapokezi walimwita Sindano, kwa kuwa hakukosa sindano za kufumia chini ya meza yake. Jina hilo lilikuwa na balaa lake. Mgonjwa aliyevimba shavu alimsikia mfagizi akiuliza, "Sindano yuko wapi?" naye akaanza kutafuta mlango wa kutokea. Daktari aliwaomba waliache jina lile, wakajaribu, wakashindwa. Lilikuwa limeshamganda.

Aliyemfundisha kufuma alikuwa mama mkwe wake, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Sindano alipopata mimba ya binti yake, na kuambiwa asiinuke kitandani asije akaipoteza, mama mkwe alivuta kiti, akamtia sindano za kufumia mkononi. "Mkamwana," alimwambia, "ukilala hivi unatazama dari tu, utachanganyikiwa. Shika hizi." Wakafuma pamoja mpaka mtoto akazaliwa, na baada ya hapo hawakuacha. Kila mjukuu wa mkunga yule alipokelewa duniani na blanketi lililotoka mikononi mwa bibi yake. Hilo halikuwa na mjadala.

Halafu baridi yabisi ikamwingia mama mkwe, kwanza magotini, kisha vidoleni. Dawa zake zilinunuliwa kwenye duka moja la dawa karibu na kituo cha mabasi. Mwanzoni Sindano ndiye aliyezifuata. Baadaye mumewe akajitolea. "Acha, nitapitia mimi," alisema, na watu wakamsifu. Mama mwenyewe alitamba kwa majirani kwamba mwanawe ameanza kukumbuka titi alilonyonya. Ilifika mahali mpima ardhi akawa anakwenda kuchukua dawa wakati za mwanzo hazijafika hata nusu ya chupa. Hakuna aliyeuliza. Yule mwanamke mwingine ndiye aliyekuwa mfamasia wa duka lile.

Sindano alicheka mara moja tu kuhusu jambo hilo, kicheko kikavu, akiwa peke yake bafuni. Alikuwa amemfikiria mumewe, mtu anayelipwa kuwaonyesha wenzake mipaka ya viwanja vyao, jinsi alivyoshindwa kuuona wa kwake.

Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mume, kwa hiyo aliyeondoka ni Sindano na binti yake. Siku ya kuhama, wapagazi wakihangaika kupitisha kabati kwenye korido, mama mkwe alimwita chumbani kwake, akamwambia afunge mlango. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa mfuko wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na blanketi la mtoto, rangi ya kiini cha yai, lililofika nusu na bado liko kwenye sindano. Sindano aliutambua mchoro wa majani madogo. Ulikuwa uleule wa blanketi la binti yake.

"Nilikuwa nafuma ukienda kazini," mama mkwe alisema. "Nikisikia geti linafunguliwa naficha, kama mtoto aliyeiba sukari."

Sindano alikuwa ameelewa blanketi ni la nani.

"Mikono imekataa. Tangu baridi hii ianze, vidole havikunjiki." Mama mkwe alivinyanyua avionyeshe, vimevimba kwenye viungo, vimepinda upande. "Nimalizie."

"Mama, unajua unaniomba nini?"

"Najua. Sina mwingine wa kumwomba. Yule wa dukani hajui hata uzi unashikwaje." Akavirudisha vidole mapajani. "Ni magoti yangu yaliyompeleka mwanangu kule. Silali kwa kuliwaza hilo. Lakini mtoto hana kosa, mkamwana. Nimepokea watoto wa kila namna, na sijaona hata mmoja aliyetoka na kosa mkononi."

"Usiniite mkamwana. Mimi si mkamwana wako tena."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mama mkwe hakukasirika. Alimtazama tu, macho yake yakiwa na utando mweupe wa uzee, akatikisa kichwa.

"Basi niambie nikuite nani," alisema. "Maana mimi nimeshazoea."

Nje mpagazi aligonga ukuta kwa kona ya kabati, akaomba radhi kwa sauti. Sindano aliuchukua mfuko, akauweka pamoja na nguo zake, akatoka.

Alipanga vyumba viwili juu ya karakana ya kutengeneza majokofu. Mchana kutwa mashine zilinguruma chini ya miguu yao, zikizimwa na kuwashwa. Humo ndimo alimojikuta na kazi tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni sweta la kijani la binti, ambaye ilibidi ahamie shule nyingine kwa sababu ya umbali, na shule mpya ilikuwa na rangi yake. Ya pili ni sweta la zambarau la vifungo, la mama mkwe, alilokuwa amelianza kabla mambo hayajaharibika. Ya tatu ni lile blanketi.

Alizining'iniza kwenye misumari mitatu nyuma ya mlango. Akiwa na hasira alishika la kijani, kwa kuwa halikuwa na mchoro wowote na mikono iliweza kwenda yenyewe huku kichwa kikigombana na watu wasiokuwepo. Akiwa ametulia alishika la zambarau. Blanketi alilipita kila siku, akienda kufungua mlango na akirudi kuufunga.

Aliruka hivyo kutoka kazi hadi kazi bila kumaliza hata moja. Barua za mwenye nyumba, uhamisho wa shule, wakili, miadi ya kugawana vyombo, yote yalimkuta na uzi mapajani. Kliniki nako alianza kukosea. Siku moja aliwapangia wagonjwa wawili saa ileile, wakaketi wakitazamana, kila mmoja ameshika shavu lake. Daktari hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ukihitaji siku moja ya kupumzika, sema."

"Nikipumzika ndiyo nitaanguka," Sindano alijibu.

Baridi ilipozidi, binti alirudi kutoka kwa baba yake na habari kwamba bibi amelazwa. Ilikuwa mapafu. Sindano alikwenda hospitali saa ya kuwatazama wagonjwa. Alimkuta mpima ardhi amesimama kwenye korido, wakasalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja, naye akampisha.

Mama mkwe alikuwa mdogo kitandani, kama nguo iliyowekwa juu ya shuka. Kitu cha kwanza alichouliza ni blanketi.

"Umefika wapi?"

"Nakaribia ukingo," Sindano alisema.

Ulikuwa uongo. Lakini tangu siku ile alilishika la zambarau na hakuliacha. Wodi ilikuwa na madirisha yasiyofunga vizuri, na yule mzee alikuwa akitetemeka chini ya shuka jepesi. Sindano alifuma kwenye basi, akafuma mezani kliniki mbele ya wagonjwa, daktari akijifanya haoni. Kila alipokwenda hospitali aliulizwa umefika wapi, na kila mara alijibu kwamba amekaribia.

Mchana mmoja alilipeleka limekamilika, vifungo vimeshonwa. Alimkalisha mama mkwe, akampitisha mkono mmoja, kisha wa pili, taratibu, maana viungo viliuma. Alimfunga vifungo mpaka shingoni. Mama mkwe alipapasa ukosi, akapapasa mikono, akatafuta kwa kidole mahali pa kukosoa kama ilivyokuwa desturi yake, hakupaona.

"Hili ni langu," alisema.

"Ni lako, mama."

"Lile hujaligusa."

Sindano aliinamisha kichwa. "Sijaligusa."

"Uliniambia unakaribia ukingo."

"Nikilishika nawaona wao wawili. Nashindwa."

"Na mimi nilikuwa nawaona," mama mkwe alisema. Alipumua kwa shida, akangoja pumzi irudi. "Kila kitanzi."

"Sasa ulifumaje?"

"Angezaliwa tu. Nifume nisifume, angezaliwa."

Alimshika Sindano kidole kimoja, kwa kuwa mkono mzima usingekunjika, akasinzia. Sindano alikaa hivyo mpaka muuguzi akapita akiwaambia watu kwamba muda umekwisha.

Wiki haikuisha. Mpima ardhi ndiye aliyepiga simu, na sauti yake ilipokatika katikati ya sentensi Sindano alijikuta anambembeleza, "Pole, baba, jikaze," kama alivyombembeleza miaka yote ile, halafu akakumbuka, akakata simu.

Alipokwenda kuomba ruhusa ya mazishi, daktari alimuuliza aliyefariki ni nani wake. Lilikuwa swali la kawaida tu. "Ni mama," Sindano alisema. Daktari aliyekwisha kusikia kwamba mama mzazi wa Sindano alifariki zamani hakuuliza tena.

Msibani hakujua akae wapi. Kwa miaka yote alikuwa mtu wa jikoni, wa kupokea wageni, wa kujua vikombe viko kabati gani. Sasa aliketi na majirani, karibu na ukuta. Mfamasia alikuwa mbele pamoja na wafiwa, tumbo limeshuka, kitambaa kichwani kikimteleza kila mara. Walipotajwa walioachwa na marehemu, ilisemwa wanawe, mkamwana wake na wajukuu zake, na watu wakamtazama mfamasia. Binti aligeuka kumtafuta mama yake kwa macho. Sindano akampa ishara atazame mbele.

Jirani mmoja, mwanamke mwenye huruma, alimshika mkono wakati wa kutoka. "Pole sana," alisema, kisha akasita akitafuta neno. "Pole kwa kuondokewa na... na bibi yake mtoto."

"Asante," Sindano alisema. "Nimeshapoa."

Lakini alikuwa hajapoa. Alirudi kwenye vyumba vyake, akalitoa blanketi kwenye msumari, akaliweka mezani, akalitazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya mfumaji. Mwanzo wake ulikuwa mkono wa mama mkwe aliyemjua, vitanzi vimebana, majani yamesimama kama yamepigwa pasi. Kadiri kazi ilivyopanda, mkono ulilegea. Palikuwa na vitanzi vilivyoponyoka na kuokotwa upya vikiwa vimepinda, na jani moja lilikosa ncha. Mistari ya mwisho ilikuwa imeyumba kama maandishi ya mtu anayeandika garini. Mfumaji yeyote mzuri angeifumua. Sindano alivikamata tu vile vitanzi vilivyokuwa vinaelekea kuachia, mistari mingine akaiacha kama ilivyo, akaendelea kutoka pale.

Alilifuma kila jioni baada ya kazi. Mara nyingine alifuma akilia, mara nyingine alifuma akiwachukia wote watatu, marehemu akiwemo. Binti alikuwa akienda shule mpya na sweta la zamani lililomwishia juu ya viwiko.

"La kwako limechelewa," Sindano alimwambia. "Nisamehe."

"Langu linaweza kungoja," binti alisema. Alikuwa amekaa mkabala naye akifanya hesabu. "Hilo ni la mtoto wa baba?"

"Ni la bibi yako. Mimi namalizia."

Binti alirudi kwenye hesabu zake, na hawakulizungumza tena.

Mtoto alipozaliwa, wa kiume, Sindano alingoja kidogo, kisha Jumamosi moja mchana akaenda. Geti lilikuwa limepakwa rangi mpya. Aliyemfungulia ni mfamasia mwenyewe, amevaa kanga iliyochafuka maziwa begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wote wawili walisimama. Mpima ardhi hakuwepo.

"Sikai," Sindano alisema. "Nimeleta hili."

Mfamasia alilipokea, akalikunjua, akapitisha kiganja juu yake. Kiganja kilisimama pale katikati, penye mistari iliyoyumba.

"Umelifuma wewe?"

"Bibi yake. Hapo ndipo mikono ilipomkatalia. Kuanzia hapo ni mimi."

Mfamasia aliendelea kutazama pale katikati. "Sikujua kama alinifikiria," alisema. "Alikuwa ananiita 'wewe'. Mpaka siku ya mwisho, 'wewe, niletee maji.' Nilidhani hata mtoto hamtaki."

Sindano angeweza kumwambia jambo la kumfariji, na lilikuwepo. Alilitafuta ndani yake, akaliona, likakataa kutoka. Ndani ya nyumba mtoto alianza kulia, kilio chembamba cha watoto wachanga.

"Ulifue kwa maji baridi," alisema. "Usilikamue. Ulitandaze kivulini likauke, ukilitundika litavutika."

"Maji baridi," mfamasia alirudia.

"Nenda, mtoto analia."

Alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, apate muda wa kulia. Machozi hayakuja. Karakana ilikuwa imefungwa, na pale juu palikuwa kimya kuliko alivyopazoea. Binti alikuwa amepika, chakula kimeungua kidogo chini, naye akaomba radhi kwa hilo. Walikula. Sindano alinawa, akalitoa msumarini sweta la kijani, lililobaki mkono mmoja tu. Akatia uzi kidoleni, na katika mstari wa pili akaponyokwa na kitanzi. Bila kufikiri, akainua kichwa kuuliza jinsi ya kukiokota, kama alivyouliza mara nyingi kwa mtu aliyeketi ng'ambo ya chumba.

Ng'ambo ya chumba palikuwa na binti yake, anapanga vyombo.

"Nini, mama?"

"Hakuna kitu," Sindano alisema, na hapo ndipo alipolia.