Kiuno cha Kibibi

…na sasa futi ya kupimia imeshamzunguka kiuno, ncha zimekutana chini ya vidole vyangu, na sisomi, macho nimeyapeleka ukutani kwenye magauni ya kwaya ya wenzake, yote nimeshona, bado la kwake tu, mwanangu mwenyewe nimemwacha wa mwisho kana kwamba nikimaliza wengine atakuwa amepungua, na yeye kasimama wima mbele ya cherehani, kabana tumbo mpaka mbavu zimejichora, anapumua juu juu, na wifi yangu pale kwenye benchi anasubiri blauzi yake huku anatafuna karanga, anasema huyu mtoto kajazia, mpunguzie chakula tu, jioni chai kavu inamtosha… chai kavu, asemaye ni yeye anayemaliza sahani mbili na kuulizia ukoko, na wembamba wake uleule tangu nimjue, nguo zake nazishona kwa vitambaa vilivyobaki, kaka yake naye vivyo hivyo, mume wangu anakula mpaka analegeza mkanda na asubuhi suruali inamvuka, mwanangu wa kiume kachukua kwao, sufuria moja, mwiko mmoja, yule mwembamba kama sindano na huyu… huyu kachukua kwetu, mabega ya mama yangu, mikono ya mama yangu, ndiyo maana tukamwita Kibibi tangu anatambaa, na mama alikuwa hai, akicheka nasi, kabla sukari haijampanda, kabla ya kidonda cha kidole kilichokataa kupona, kabla hawajamkata mguu wakamrudisha nyumbani mwepesi, ndiyo, mwepesi, maisha yake yote aliutafuta wepesi akaupata siku za mwisho, naogopa, Mungu wangu, naogopa kana kwamba namba iliyo kwenye futi hii ndiyo iliyomuua.

“Mama, ngapi?” anauliza, sauti inatokea kooni maana tumbo hajaliachia, namwambia subiri, futi imejikunja, na haijajikunja popote… angekuwa mteja mwingine ningeshamchekesha, kila anayesimama mbele ya fundi anabana tumbo, nilikoma kwa yule bibi harusi niliyemkatia gauni kwa tumbo la kubana, siku yenyewe akavuta pumzi moja zipu ikafumuka mgongoni, tangu hapo sisomi kipimo mpaka mtu acheke, namuuliza kama mumewe anakoroma, anacheka, tumbo linashuka, nasoma, lakini leo utani wote umenikauka, akicheka nitaona, na juzi nyuma ya pipa la maji nimekuta mfuko, ndani yake chakula chake cha mchana kimechacha, hajakigusa, njia hiyo naijua, nami shuleni nilishinda na maji matupu, nikaanguka mstarini asubuhi shule nzima ikitazama, nikakonda, wakanisifu, kisha mwili ukarudi na nyongeza juu, kila nilipokonda ukarudi na nyongeza, nikajiita mlafi, mpaka yule nesi wa kliniki, nimekwenda kupima presha tu, akaniuliza mama yako alikuwaje, na mama yake je, nikamweleza, akaweka kalamu chini, “Sio ulafi, dada. Kuna miili imezaliwa inashika kila inachopewa, na ukiinyima inapigana kukirudisha,” akanieleza habari za vinasaba, kwamba mtu anavipata kwa wazazi kama anavyopata kimo, haviamui kila kitu, kutembea kunasaidia, kula vizuri kunasaidia, kupima sukari mapema kunasaidia zaidi, nami badala ya kutulia nikatoka pale jasho linanitiririka, nimesikia jambo moja tu, kwamba ni mimi niliyempa… naogopa akila, naogopa asipokula, nikimtajia namba ataenda nayo kitandani, nikimdanganya gauni litamuumbua mbele ya kwaya, na wifi anasema mbona umeganda, au namba zimekwisha kwenye futi, anacheka peke yake, na Kibibi anazidi kubana, namsikia anatetemeka mikononi mwangu.

“Nikibana zaidi itapungua?”

Na mgongo unaniuma, nashangaa unauma nini, nimesimama tu hapa… nimebana. Mimi nimebana tumbo. Wifi alivyoingia nilibana, nabana nikipita kwenye kioo, nabana nikipika, nabana hata nikiwa peke yangu na cherehani, na macho ya mtoto, nilidhani ananitazama usoni kusubiri jibu, kumbe yapo huku chini, kwenye mkanda wa gauni langu, anaangalia ninavyofanya na yeye anafanya, hiki nesi hakukitaja, hiki hakimo kwenye damu, hiki anakichukua hapahapa mbele yangu… na hofu haijaondoka, sukari ipo, mguu wa mama upo, hivyo sina uwezo navyo leo, ila hiki ninacho mkononi, basi naachia, polepole, tumbo langu lote linashuka mbele ya wifi na karanga zake, linausukuma mkanda, masikio yananiwaka kwa aibu, na futi bado imemzunguka, sijasoma, na yeye bado amebana, ananitazama.