Tawi la Mwimbi

Kauthar aliposema, "Safi sana, Loth," Mzee Alfonsi aliinua kikombe chake cha chai akakuta imekwisha zamani.

Walikuwa watatu katika chumba kilicho juu ya duka la Amin, mjini Sumbawanga. Kazi yao ilikuwa programu ya kupimia mahindi na ulezi katika maghala ya Amin. Alfonsi ndiye aliyeianza, peke yake, baada ya kujifunza kompyuta kwa masomo ya jioni akiwa na mvi tayari. Siku zile aliandika moja kwa moja kwenye shina la programu, yaani nakala kuu, na likiharibika alilitengeneza mwenyewe.

Kisha Amin akamleta Kauthar, binti wa dada yake, naye akaweka utaratibu. Kila mtu afanye kazi kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni. Kauthar aisome, na ikiwa sawa aiunge kwenye shina. Kabla ya msimu hutengwa tawi moja la toleo, litakalopelekwa kwenye maghala. Hilo likifungwa, halipokei kitu kipya. Matawi ya toleo waliyapa majina ya miji na vijiji vya Ufipa. La msimu huu liliitwa Mwimbi.

Kazi ya Loth, kijana aliyeletwa mwisho, iliungwa siku ileile, na sifa zile zikaandikwa chini yake. Ya Alfonsi, ya kupunguza uzito wa lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yakavishwa kofia, ilirudi na swali: "Shikamoo babu. Gunia likipimwa mara ya pili, uzito hautapunguzwa tena?"

"Sifa kwa Loth, maswali kwangu," Alfonsi alinung'unika. "Nimepima mahindi kabla mama yake hajaolewa."

"Mzee, si ujibu tu?" Loth akacheka. "Swali lenyewe fupi kuliko hasira zako."

Swali hakulijibu. Siku zikapita, na asubuhi moja Kauthar akaandika kwenye kundi la Wasapu la kazi, ambamo wasimamizi wa maghala nao wamo: "Tawi la Mwimbi limefungwa kuanzia leo. Lisipokee kitu chochote."

Kazi ya Alfonsi ilikuwa imebaki nje. Alikuwa angali akiutazama ujumbe ule, simu yake ikalia. Alikuwa Modesti, msimamizi wa ghala la Amin kule Mwimbi.

"Shikamoo mzee. Eti tumefungwa? Watu wamejaa hapa na mahindi yao."

Alfonsi alielewa papo hapo. Kibao cha ghala lile kiliandikwa kwa rangi nyekundu: Amin na Wanawe, Tawi la Mwimbi. Sentensi moja ingetosha. Akainua macho. Kauthar na Loth walikuwa wameinamia kompyuta moja, wanacheka.

"Ameandika nani?" aliuliza.

"Kauthar."

"Basi fuata alivyoandika. Siku hizi yeye ndiye mwenye matawi."

Modesti akatia kufuli. Wakulima wakageuza mikokoteni, wakaenda kuuza kwa mfanyabiashara wa jirani.

Kesho yake Amin alipanda ngazi akihema. "Nani kafunga ghala langu?"

"Mimi, mjomba," alisema Kauthar. "Nilimaanisha tawi la programu. Sikukumbuka kwamba Modesti naye ni tawi."

"Basi kazi ya kuunga na kufunga irudi kwa mzee. Mzee wangu, ungekuwa wewe yangetokea haya?"

"Yasingetokea," alisema Alfonsi, na moyo wake ukachanua. Kauthar alikwisha kumsogezea kompyuta.

Amin akapiga simu Mwimbi, sauti ikasikika chumba kizima. "Modesti, usipoelewa jambo, muulize Mzee Alfonsi. Umesikia?"

"Lakini bosi, nilimuuliza. Akasema nifuate."

Amin akakata simu. "Mzee wangu, ulijua?"

"Nilijua."

Amin akashuka ngazi. Kompyuta ikabaki mezani, katikati ya Alfonsi na Kauthar.

"Babu," Kauthar alisema, "nitafutie neno lingine. Hili 'tawi' limeshatuumbua."



"Tuta," alisema Alfonsi. "Huku kwetu tunafukia majani kwenye matuta. Msimu ukigeuka tunayasambaza matuta, shamba linakuwa moja, ndipo tunapanda ulezi."

"Mzee, hilo kali!" alisema Loth.

Kauthar akaliandika. Alfonsi akaivuta kompyuta, akalitafuta lile swali la lumbesa, akajibu: "Utapunguzwa tena. Narekebisha." Kisha akairudisha upande wa Kauthar.

Toleo la msimu lilienda maghalani bila kazi yake. Aliporekebisha, Kauthar aliiunga kwenye shina ingoje msimu ujao, akaandika chini yake: "Safi, babu."

Alfonsi alisoma maneno hayo mara mbili. Halafu, Loth alipotoka kwenda kununua chapati, akapandisha ukurasa kutazama aliyoandikiwa kijana yule.

Loth alipewa na "sana".