Midomo ya Januari

Januari alipokaribia kufa, sauti ilikuwa imeshamkauka. Saratani ya koo ilimwachia midomo tu. Mkewe, Odilia, hakuona tofauti kubwa. Yeye alikuwa kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa mama wa watoto wawili, na tangu hapo alimsikia mumewe kwa kumtazama mdomo. Majirani wa Kibosho walizoea kuwaona wakigombana kimyakimya mgombani, kisha wakicheka pamoja.

Shida ni kwamba wiki ile Odilia alilazwa mjini, nyonga imevunjika baada ya kuteleza mferejini. Januari hakuweza tena kushika kalamu. Akamwonyesha binti yao, Salvina, kamera kwa kidole. Salvina alikuwa mpiga video wa harusi na vipaimara kwenye studio moja ya Njoro. Akaisimamisha karibu na kitanda. Mzee akaikazia lenzi macho kama anayemtazama mtu, akasema maneno mengi ya Kichagga, bila sauti. Salvina hakuambulia hata moja. Alfajiri mzee akafariki.

Odilia alirudishwa nyumbani kuzika. Skrini ya kamera ilikuwa ndogo mno kwa macho yake.

"Nitamtazama kwenye televisheni," alisema, "wageni wakishaondoka."

Televisheni ikagoma. Video ya kamera ile ilikuwa ya muundo ambao televisheni haikuutambua. Salvina hakuwa na wasiwasi. Alimgeukia mama yake ili amsome midomo vizuri.

"Nitabadilisha muundo tu, mama, picha zenyewe sizigusi. Ni kama kuhamisha maziwa kutoka kibuyu kimoja kwenda kingine. Halidondoki tone."

Akaiacha kadi ya kamera kwenye kabati la vyombo, akashuka Rau kupiga video ya harusi aliyokuwa ameshaiahidi. Akirudi angeipeleka studio.

Kaka yake Rodrick, aliyekuja msibani kutoka Dar, hakuona sababu ya kungoja. Aliichomeka kadi kwenye kompyuta yake, akapakua programu ya bure, akaibana ile video mpaka ikawa nyepesi ya kutumwa kwenye grupu la ukoo, akaiwekea na wimbo wa maombolezo. Kisha akaifuta kadi, akaitia kwenye kamera yake na kurekodia ubatizo wa mwanawe parokiani.

Aliporudi, Salvina alimkuta mama yake mbele ya televisheni, magongo yameegemezwa ukutani. Uso wa Januari ulijaa kioo kizima, lakini ulikuwa umekatikakatika vipande vya mraba. Penye midomo palikuwa na doa la kahawia linalotetemeka. Wimbo ulivuma nyumba nzima.

"Kaka, ile yenyewe iko wapi?"

"Si hiyo hapo? Ilikuwa nzito, nimeipunguza. Kwenye grupu watu wamelia sana."

"Na kadi?"

"Nimeifuta. Kwani vipi? Si anaonekana?"

Salvina alishuka na kadi mpaka Njoro. Ebenezeri, mwenye studio, alijaribu kila njia aliyoijua. Kilichotoka ni ubatizo: maji, mshumaa, kichwa cha mtoto.

"Amerekodi juu yake," alisema. "Na hii aliyoibana, naweza kuikuza, lakini kilichokwishatupwa hakirudi. Midomo siwezi kuitunga, Salvina."

Alipofika nyumbani, Odilia alimshika mkono.

"Wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

"Sijui, mama. Nilikuwa naangalia mwanga."

Rodrick akachuchumaa mbele ya mama yake, akatamka polepole ili asomwe. "Alisema anakupenda, mama."

Odilia alimtazama mdomo mpaka mwisho.

"Baba yako hajawahi kuniambia neno hilo," alisema, kwa sauti yake ya juu isiyojisikia. "Aliniambia ng'ombe ameshakula. Aliniambia mvua inakuja, nisilale na hasira. Usimtilie maneno mdomoni."

Rodrick akasema alitaka kusaidia tu. Kesho yake alirudi Dar.

Mwaka ulipotimia, aliituma tena ile video kwenye grupu, na ndugu wakaandika amina, mmoja baada ya mwingine. Mpwa mmoja alimsogezea Odilia simu. Yeye akaigeuza kifudifudi mezani, akaendelea kumenya ndizi.

"Huenda aliniomba kitu nikifanye," alimwambia Salvina baadaye, bila kuinua macho, kwa hiyo hakungoja jibu. "Na mimi nipo hapa, sikifanyi."