Mwezi Una Shingo Ndefu

Kwa miaka minne Khuê aliishi nyumbani kwa mama mkwe wake, katika uchochoro unaoteremkia mto An Cựu, bila kujua kilo ya mchele inauzwaje. Si kwamba alikuwa mvivu. Kutwa nzima alikuwa kiwandani akishona kola za mashati. Lakini siku ya mshahara yeye na mumewe Toản walikuwa wakizitia pesa zote mikononi mwa Mama Sâm, na Mama Sâm ndiye aliyejua zipi za mchele, zipi za umeme, zipi za harusi za watu na zipi zisiguswe mpaka mtu augue. Zilizobaki ndizo za sokoni. Zikiwa haba, basi jioni walikula matembele na uduvi uliochachuliwa, na hakuna aliyenung'unika mbele yake.

"Mwezi una shingo ndefu," mama alipenda kusema huku akitafuna tambuu. "Anayebugia mwanzoni, mwishoni atameza mate."

Alifariki wakati wa manyunyu ya baridi, yale ambayo yakianza hapa mjini Huế hata nguo za ndani hazikauki. Ibada za maombolezo zilipokwisha, Toản alimkabidhi mkewe ufunguo wa kabati la pesa. Lựu, dada yake Toản aliyeolewa mji wa Đà Nẵng, alikuwa bado hajaondoka. Akacheka.

"Haya wifi, leo umekuwa waziri wa fedha. Usije tu ukatuuzia mabati ya mama."

"Wewe mwenyewe umeshauza ya mumeo mara ngapi?" Khuê alimjibu, na wote wakacheka, maana Lựu kwa kununua hakuwa na mfano. Alikuwa na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga ardhi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa sikukuu. Khuê alinunua mapazia. Asubuhi badala ya kiporo alikula tambi za supu ya ng'ombe pale kona, akawalipia na wenzake wa mstari wake wa vyerehani. Kamba wakubwa, embe za mwanzo wa msimu, feni inayozungusha shingo. Kila kitu kilikuwa kidogo tu, si cha kumfilisi mtu. Lakini tarehe ishirini alifungua kabati akakuta harufu ya mbao tu. Mwezi wa pili ukawa vilevile, ila safari hii kabati lilikauka mapema zaidi, na ikambidi amkope msimamizi wake.

Toản alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. Alikula wali na chumvi ya ufuta siku tatu mfululizo, siku ya nne akasema, "Mama alikuwa na mishahara hii hii."

Ni hayo tu. Yalimchoma Khuê kuliko matusi.

Mwezi wa tatu, kesho yake baada ya mshahara, alikwenda soko la An Cựu kwa Bi Chắt, mwuza samaki aliyekuwa na ukungu kwenye jicho moja. Akaonyesha kamba.

"Sikuuzii," Bi Chắt alisema.

"Kwa nini, bibi? Pesa ninayo."

"Mama mkwe wako ametoka hapa sasa hivi. Kasema leo nikupe dagaa."

Khuê alitazama huku na huku. Soko lilikuwa limejaa, jua limeshapanda juu ya maturubai. "Bibi, mama mkwe wangu amefariki."

"Nami najua. Si nilikuja msibani? Ndiyo maana sikubishana naye." Akamfungia dagaa kwenye jani la mgomba, akageukia mteja mwingine.

Uzee, Khuê alijiambia. Akala dagaa hao akiwa na hasira.

Siku mbili baadaye aliingia duka la mikoba karibu na daraja. Msichana aliyeuza pale alikuwa mgeni, lafudhi yake ya kusini kabisa. Khuê alikuwa ameshachagua mkoba mwekundu, anafungua pochi, msichana akamwambia kwa upole, "Dada, naona mama yako pale mlangoni amechoka kusimama."

"Mama gani?"

"Yule wa nguo ya zambarau, mwenye kofia ya majani. Anasema mwezi una shingo ndefu." Msichana akacheka. "Ndiyo nini hiyo, msemo wa huku?"

Khuê aligeuka. Mlango wa kioo ulikuwa umefungwa. Nje magari yalipita, wala hapakuwa na mtu. Ila humo ndani, kwenye ubaridi wa kiyoyozi, harufu ya tambuu ilikuwa mbichi, ile harufu ya chokaa na popoo iliyokuwa kwenye mto wa kulalia wa mama mkwe wake mpaka siku walipouchoma. Aliuweka mkoba kaunta akatoka.

Alipanda pikipiki akaelekea duka kubwa la vyombo, labda kwa ukaidi, labda kwa kutaka tu kuwa penye watu wengi. Getini mlinzi wa maegesho alimwinulia mkono.

"Mshushe bibi kwanza, dada, ndipo uingize. Na hii tabia ya kumpakia mzee bila helmeti, aa, mnatutia dhambini."

Khuê hakugeuka. Alihisi kiunoni vidole viwili vikiwa vimeshika ncha ya blauzi yake. Mama Sâm hakuwahi kumkumbatia mtu kwenye pikipiki. Kila alipopelekwa pagodani alishika hivyo tu, vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu asichotaka kukichafua. Khuê akageuza pikipiki polepole akarudi nyumbani. Ilikuwa nzito kwenye kila kilima, na ikawa nyepesi alipofika mlangoni.

Alimkuta Toản barazani, amekaa kati ya vipande vya friji la mtu. Akamweleza yote, akidhani atachekwa. Mumewe alifuta mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Kasemaje?"

"Hasemi na mimi! Anasema na wauza maduka!"

"Ndivyo alivyo." Toản alitazama meza ya ibada, picha ya mama yake kati ya maua. "Mama hakuwahi kumgombeza mkwe. Alikuwa anaongea na majirani ili wakufikishie. Hukujua?"

Hakujua. Akakumbuka jinsi jirani alivyowahi kumwambia, eti bila sababu, kwamba siku hizi watu wanaacha taa za chooni zinawaka.

"Unaogopa?" alimwuliza mumewe.

"Naogopa asije akaanza na mimi." Toản akaingiza mkono mfukoni akatoa tiketi za bahati nasibu, bunda zima lililofungwa kwa mpira. "Hizi ni za mwezi huu tu."

Khuê alizitazama. Angeweza kupiga kelele. Badala yake alishikwa na kicheko kibaya kilichokaribia kulia, na Toản naye akacheka, kisha wote wakanyamaza ghafla kwa sababu hawakuwa na hakika kama waliocheka walikuwa wawili tu.

Akawasha vijiti vya udi. "Mama," alisema mbele ya picha, "kama nimekosa, niambie mimi. Usinitangaze sokoni." Moshi ulipanda wima.

Jumapili hiyo, kweupe, walimwaga mezani pesa zilizobaki wakazigawa. Khuê alikaza mkono: hakuna tambi za asubuhi, hakuna embe, hakuna tiketi, nyama mara moja kwa wiki. Mpango ulikuwa mzuri kama sare ya shule. Ukavunjika kabla ya wiki kwisha, kwa sababu zililetwa kadi za harusi tatu na yeye hakuwa ametenga hata ya moja. Akachota kwenye mchele akalipa harusi, akachota kwenye umeme akalipa mchele, na kesho yake mwuza mboga akamwambia bila kuinua macho, "Bibi wa kwenu amekaa pale kwenye gunia tangu alfajiri. Kajishika shavu."

Khuê alilazimisha macho yake yatazame. Gunia lilikuwa la viazi, bila mtu juu yake, lakini katikati lilikuwa limebonyea kama penye mtu.

Alisogea, akachuchumaa kando yake, watu wakimpita na vikapu. "Nimesahau harusi," alinong'ona. "Mwezi ujao nitaanza na harusi."

Na kweli alianza nazo. Alianza na vitu visivyopiga hodi: harusi, misiba, homa, mnyororo wa pikipiki. Kisha mchele na umeme. Kisha akatenga fungu dogo la raha, kwa sababu alikwishajifunza kwamba mtu akijinyima kila kitu, siku ya kumi anakula kama mwizi. Kwa hiyo Jumapili walikwenda kona kula tambi, bakuli moja moja, na Toản akaruhusiwa tiketi moja kwa wiki, akaichagua kama anayechagua mchumba. Pesa za sokoni zilitoka kabatini kila Jumatatu, na zikiisha Jumamosi, Jumamosi hiyo ilikuwa ya matembele. Mara mbili alisimama mbele ya kabati, ufunguo mkononi, na mara mbili akarudi jikoni. Haikuwa rahisi. Alikuwa akiwaonea gere hata wanaokunywa maji ya miwa barabarani.

"Leo hakupita," Bi Chắt alimwambia wiki ya kwanza, akimpimia samaki wadogo.

Wiki ya pili: "Leo pia hakupita."

Wiki ya tatu hakusema kitu, wala Khuê hakumwuliza, ila alibaki amesimama mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake akakohoa.

Siku ya mwisho ya mwezi kulikuwa na wali chunguni na pesa kabatini. Si nyingi. Toản alizishika akazirudisha, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe. Khuê alidhani angefurahi. Alifurahi, ndiyo, lakini siku hizo kila alipoendesha pikipiki alikuwa akirudisha mkono nyuma na kupapasa kiti, na kiti kilikuwa kikavu na chepesi. Alimwogopa yule mama alipokuwa hai, akamwogopa zaidi alipokufa, na sasa hakujua aite nini hali ya kuchunga mwezi mzima bila mtu wa kukutazama.

Katikati ya mwezi uliofuata, adhuhuri moja Khuê akiwa likizoni, Lựu alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Wifi. Mama mlimzika vizuri?"

"Si ulikuwepo?"

"Niko duka la viatu." Kwa mbali ulisikika muziki wa dukani. "Muuzaji ameleta kiti cha pili. Mimi sikuomba. Amekiweka hapa kando yangu, akasema, karibu bibi, kaa upumzike. Nikadhani anatania." Akameza mate. "Wifi, kiti kinalia. Kinalia kama mtu anajiweka vizuri."

Khuê aliegemea ukuta. "Usikimbie."

"Nikimbilie wapi?"

"Mshahara umeugawa?"

"Mshahara gani, tarehe hizi? Nilikuwa nalipa kidogo kidogo, kwa mkopo..."

"Vua hivyo viatu. Mshukuru muuzaji, kisha nenda na mama nyumbani. Endesha polepole, mwendo wa kasi haupendi."

"Wifi, naogopa!"

"Hata mimi niliogopa. Nenda tu. Atakaa mpaka utakapojua kugawa."

Simu ikakatika. Khuê alibaki ameishika, na kilichompanda kifuani kilimshangaza, kwa sababu kilikuwa wivu, wivu mtupu, kama wa mtu ambaye mgeni wake amehamia nyumba ya pili.

Toản alichungulia kutoka barazani, bisibisi mdomoni. "Nani?"

"Dada yako."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu," Khuê alisema. "Leo hatanunua kitu."