Funguo za Rangi Nyekundu

Shangazi alisoma ile barua mara mbili, akaisukuma kando. Ati yeye ndiye aliyepoteza ufunguo wa akiba wa chumba namba nne, na sasa aweke saini akiri. Thubutu!

Miaka kumi na mmoja alikuwa ametunza funguo za nyumba hii ya wageni wa likizo, vyumba saba, na kila ufunguo wa akiba aliupaka kichwani rangi nyekundu ya kucha. Wenzake walimcheka. Acha wacheke. Jana asubuhi mgeni wa namba nne, mama aliyekuja kupumzika peke yake, alitoka bafuni akasikia mlango unafunguliwa. Alipiga kelele, mtu akatimua mbio, ufunguo ukabaki kwenye kitasa.

"Shangazi, saini tu yaishe," alisema mwenye nyumba, mtoto wa kaka yake. Pembeni mdogo wake, ambaye ndiye meneja, alikuwa amezama kwenye simu iliyozimwa. "Wewe mtu mzima, nani atakusema?"

"Mwanangu, jina langu si tambara la kufutia uchafu wa mdogo wako."

Alifungua kabati la ukutani. Funguo saba za akiba, vichwa vyekundu, kila mmoja kwenye msumari wake. Kisha akaweka mezani ule uliokutwa mlangoni. Ulikuwa mpya, unang'aa, hauna hata tone la rangi.

"Huu umechongwa mtaani. Na juzi nani aliazima wa namba nne, ati anakwenda kutazama bomba, akakaa nao mpaka mchana? Daftari hili hapa, na saini yake hii hapa."

Meneja aliitia simu mfukoni, akasogea kuelekea mlangoni. Kaka yake hakumtazama.

"Usiposaini, Shangazi, kazi huna."

Ilimuuma. Wote wawili hawa aliwabeba mgongoni. Lakini hakusaini. Alichukua bisibisi na kitasa kipya stoo, akapanda hadi namba nne, akang'oa cha zamani na kufunga kipya mbele ya mgeni. Funguo mbili zilizokuja nacho akamkabidhi zote.

Mwenye nyumba alifika anahema, akaona mkono wa mgeni umefumbata funguo.

"Shangazi! Na sisi tukitaka kuingia, tutaingiaje?"

"Mtapiga hodi."