Damu ya Jodari

Nimekulia Nkome, na kule ziwani samaki akiwa na joto, ujue kaoza. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kwenye meli ya jodari, nilipomchoma kisu samaki mzito kuliko mimi ili atoke damu, ikanimwagikia mkononi ya moto, nilikasirika. Nikaanza kumsukuma arudi baharini.

Mnyapara wetu, Mzee Abel, akanishika bega. “Wee Maduhu! Huyo katoka kilindini kwenye baridi sasa hivi. Jodari ndivyo alivyo, damu yake ina moto.”

Nikatia vidole kwenye jeraha. Joto la ng'ombe, lile lile. Nyumbani, baba humpapasa ng'ombe shingo kabla ya kumchinja. Mimi nilishachelewa, lakini nilipiga magoti nikampapasa.